Kiganja cha Nyongeza

Vijana wa dukani wameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mimi sisahau, lakini nitaandika kwa sababu nyingine. Siku waliyoniaga, Nuru, mwenye duka, alinikumbatia, akanipa blanketi zito, halafu akaniambia taratibu kwamba dirisha langu la nyuma, la kupimia nafaka, atalifunga. Mahali pale ataweka friza. Nilishukuru kwa blanketi. La dirisha sikulijibu, maana mimi nikifungua mdomo kwa hasira siufungi mapema, na keki ilikuwa bado haijakatwa.

Basi nalijibu hapa. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini aende akamuulize mhasibu. Mimi nitaeleza habari ya kupima, na kwa nini dirisha lile lisifungwe.

Naitwa Sekela, ingawa ninyi wote mnaniita Mama Ipyana. Nilikuja Mbeya mjini nikiwa binti, kutoka Rungwe kwenye migomba, na kama Wanyakyusa wengine nilikuja nikijiona najua kila kitu. Mtaa wetu wakati huo ulikuwa na duka la vitambaa, studio ya picha yenye pazia lililochorwa maua, duka la mikate ambalo harufu yake ilitufikia tukiwa na njaa, na fundi cherehani aliyekaa barazani kwetu akishona sare za shule mwaka mzima. Duka letu lilikuwa la nafaka na mahitaji ya nyumbani, mali ya Mzee Athumani. Babu yake alipanda huku na biashara zake kutoka Kilwa, akaoa, baridi ikamzoea.

Lakini mizani haikuwa ya Mzee Athumani. Ilikuwa ya mke wake, Bi Zuhura, mama mwembamba aliyevaa sweta juu ya buibui na kukalia kiti kirefu nyuma ya kaunta. Mzee alishughulika na malori na watu wa magunia. Mtu akimuuliza bei ya mchele, alimwelekeza kwa mkewe kwa kidevu na kuendelea na kahawa yake.

Nilidhani nitaanza kuuza siku ile ile. Bi Zuhura alinipa ungo na maharage ya kablanketi, yale yenye mabaka, akasema, "Chagua." Nikachagua vijiwe na mbovu mpaka macho yakaniuma. Nilipomaliza akanipa karatasi za kaki, zile zilizotoka kiwandani Mgololo, akanifundisha kukunja pakiti ambayo ukiweka sukari haivuji hata chembe. Mifuko ya plastiki ilikuwa haijatawala. Kila pakiti niliyokunja aliigeuza juu chini na kuitikisa, na nyingi alinirudishia bila neno. Nilikasirika sana. Niliapa moyoni kwamba sitarudi Rungwe mpaka anyamaze kwa kuridhika na si kwa kunirudishia.

Siku aliyoniruhusu kupima nilivaa gauni la kanisani. Mizani yenyewe ilikuwa ya sahani mbili, yenye mawe ya chuma. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama wa Kisafwa aliyeshuka na viazi vyake kutoka milimani, akauza sokoni, sasa alitaka mchele. Nikapima kilo. Sahani zikatulia sawasawa. Nikammiminia kwenye mfuko wake wa kitambaa. Yule mama hakuufunga. Alisimama nao wazi, ananitazama. Nikakumbuka nyongeza, kile kiganja cha bure juu ya kilo. Nikachota kiganja, nikakitupia jicho, nikatazama mizani, nikapunguza kidogo, nikakitia mfukoni mwake.

"Toa," akasema.

"Nini, mama?"

"Hicho ulichotia. Toa. Umekihesabu."

Bi Zuhura aliteremka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akaja kusimama kando yangu. Akamtazama yule mama usoni. "Nyumbani mmeamkaje?" akamuuliza. Yule mama akaeleza kwamba mvua imeozesha viazi vya bondeni na mume wake anaumwa mgongo. Huku akieleza, mkono wa Bi Zuhura uliingia guniani wenyewe, ukatoka na mchele, ukaingia mfukoni, na wala hakuna kati yao aliyeutazama. Yule mama akafunga mfuko, akaaga.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaniambia alipokwisha kwenda, "kilo ni haki yake, huna la kujivunia hapo. Kiganja ndicho chako wewe. Sasa unampa mtu chako huku umeikodolea macho mizani, kama unayeogopa kuibiwa?"

Huo ndio utaratibu, Upendo, na kati ya vijana wote wa dukani ninakuandikia wewe kwa jina kwa sababu uliniambia hujauelewa. Kwanza pima kwa haki, mteja akiona. Usiwe na haraka, acha mizani itulie. Mimina. Halafu achana na mizani kabisa. Inua macho umtazame mtu, umuulize hali, na kiganja kiende chenyewe. Hakipimwi. Mwenye uso wa msiba kitamjia kikubwa zaidi, na wewe hutajua kimekuwa kikubwa kiasi gani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuna waliokuwa wagumu. Alikuwapo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya posta, suti ileile kila siku, aliyekataa nyongeza katakata. "Nimeomba kilo, nimepewa kilo. Sitaki kusaidiwa," alisema, na duka zima likasikia. Mimi nilifurahi, nikaona huyu ni mteja rahisi. Bi Zuhura hakuridhika na hilo. Siku nyingine yule mzee alipokuja, Bi Zuhura alimpimia bila nyongeza, wakazungumza habari za baridi, na wakati anafunga pakiti akadondosha ndani kipande cha tangawizi. Yule mzee aliona. Alikohoa, akaweka pakiti kwapani, akaondoka. Tangu hapo alipata tangawizi yake, na hakuna aliyeitaja kamwe.

Nikiwa nimeshaiva kidogo, Mzee Athumani aliniazima kwa mdogo wake aliyefungua duka Iringa mjini, jirani na soko. Yule ndugu alikuwa mtu wa hesabu. Alisema nyongeza ni ugonjwa wa Mbeya, akaipiga marufuku. Mimi mgeni, nikatii.

Sasa niseme jambo kuhusu Wahehe, na wewe Upendo usinune, wewe si mtoto wa Iringa? Mnyakyusa ukimpunja atakwambia hapo hapo, na mtaa wote utajua. Mhehe hasemi. Ataingia, "Kamwene," utaitika, atachukua kilo yake, atasimama kidogo na mfuko wazi, kisha ataondoka zake kwa adabu. Kesho yake unamwona anaingia duka la upande wa pili, na akikuona anakuamkia tena kwa heshima zote. Nilikaa pale nikiamkiwa na watu ambao hawanunui kwangu. Nilimweleza bosi wangu, akasema ni bei. Akashusha bei. Wakaendelea kuniamkia. Mwishowe duka lile likawa la misumari na mabati, na mimi nikarudi Mbeya nikiwa nimejifunza kile ambacho Bi Zuhura hakuwahi kunieleza: nyongeza usipoitoa hakuna atakayekushitaki, utabaki peke yako tu.

Niliporudi, miguu ya Bi Zuhura ilikuwa inamsumbua. Alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha kamba, akisikiliza mchele unavyoshuka mfukoni. Siku moja nikapima kutwa nzima na hakunisahihisha. Jioni, tunashusha mapazia ya duka, akasema, "Leo nimelala usingizi." Hiyo ndiyo sifa niliyopata kwake, na sijawahi kupata nyingine iliyonifurahisha kama ile. Alipofariki nilimlia kama mzazi, na kesho ya matanga nilikuwa kaunta, kwa sababu yeye angeniuliza nangoja nini.

Wakati huo mtaa ulikuwa umeshaanza kutukimbia. Studio ya picha ikawa duka la simu, kwa kuwa kila mtu alikuwa na studio yake mfukoni. Duka la vitambaa likawa la dawa, na la mikate nalo likawa la dawa, mpaka nikajiuliza watu wa mtaa wetu wanaumwa nini. Fundi cherehani alisogezwa na kibanda cha wakala wa pesa za simu, akasogezwa tena na kingine, akaishia pembeni ya mtaro. Kisha juu ya mtaa ikafunguliwa supamaketi kubwa, vioo vitupu, ya watu wa mbali. Ilikuwa na troli, mlinzi mlangoni na muziki. Watu walivaa vizuri kwenda kuitazama. Na mimi nilikwenda. Mlinzi akaniambia niache mkoba wangu kwake. Nikamwambia nitauacha siku atakaponiachia kofia yake, nikageuka. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilihisi duka letu limekwisha.

Mzee Athumani alikuwa amemfuata mkewe. Nuru, binti yao, niliyemfahamu tangu anatambaa juu ya magunia, alirudi kutoka Dar es Salaam alikosomea biashara na kufanya kazi. Kaka zake waliobaki huko walitaka nyumba iuzwe. Walimwachia duka kwa shingo upande: alifufue upesi, ama sivyo wanamleta mnunuzi. Nuru akaamua kuligeuza supamaketi. Aliniita ofisini, yaani kwenye stoo yenye meza.

"Dada Sekela, watu wanataka kushika vitu wenyewe. Wasome bei, waweke kwenye kikapu, walipe, watoke. Hawataki kumwomba mtu wa kaunta."

"Na anayetaka robo ya mchele?"

"Tutafunga vipakiti vya robo."

"Na nyongeza?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kama angenifokea. "Supamaketi haina nyongeza, dada. Mashine inasoma kipakiti, basi. Kaunta tunaivunja wiki ijayo."

"Kaunta ya mama yako."

"Mama yangu hakuwa na kaka zangu shingoni!" akasema. "Nikishindwa, hapa watajenga ghorofa, mimi na wewe tutapita barabarani tunaitazama. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Niseme haki: Nuru alikuwa sahihi katika mengi. Panya walikwisha. Taa ziliwaka. Akina mama walifurahi kuchagua sabuni bila mtu kuwasimamia kama wevi, na watoto wa shule walijua bei ya daftari kabla ya kuuliza. Nilimsaidia kupanga shelfu kwa mikono yangu. Lakini mchele, Nuru, mchele! Mchele wa Kyela mtu anaununua kwa pua. Anausugua kiganjani, anaunusa, anatafuna punje moja mbichi asikie kama ni mpya. Nilimwona mama mmoja ameshika kipakiti chetu, anakisugua, anakinusa kupitia plastiki, anakirudisha kwenye shelfu taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Alitoka hajanunua kitu.

Na waliolipa hawakuondoka. Hilo ndilo lililonishangaza. Walilipa, wakapewa risiti, wakasimama palepale na mifuko wazi. Foleni ikarefuka. Upendo alikuwa keshia mpya, mikono myepesi, na hakuelewa kwa nini watu hawa hawasogei. Siku moja alikuja mama wa biashara kutoka Tunduma, mtu wa kwenda na kurudi Zambia, mwenye sauti.

"Mbasela yangu iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Mbasela. Nyongeza. Hapa si ndipo kwa Bi Zuhura?"

"Mama, mashine ishafunga hesabu."

"Ifungue!"

Watu walicheka, Upendo akakaribia kulia, na mimi niliyekuwa nafuta shelfu niliweka kitambaa chini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Nuru. Sikwenda kulalamika, nilikwenda na dai.

"Nipe dirisha la nyuma," nikamwambia. "Lile la kupitishia magunia, linalotazama uchochoroni. Sitachukua nafasi yoyote dukani kwako. Nipe magunia wazi na mizani."

"Utakaa uchochoroni kwenye baridi hii, dada?"

"Nimezaliwa Rungwe. Mimi na baridi tunafahamiana."

"Watu watasema nimekutupa nyuma."

"Waambie nimejitupa mwenyewe."

Mwisho akasema nijaribu masika moja. Nikamtafuta seremala, akaniwekea ubao mpana wa msonobari wa Mafinga chini ya dirisha, uliotoa utomvu mwaka mzima na kunigandisha viwiko. Mizani ya Bi Zuhura ilikuwa imeshakataliwa na watu wa vipimo kwa uzee, kwa hiyo nikapewa ya umeme, yenye namba nyekundu. Namba zile zina ukorofi. Zinawaka, zinachezacheza, zinayavuta macho hata ukijizuia. Nilihangaika nazo kwa muda mrefu. Nilikuwa nikishamimina nageuza kichwa kwa nguvu, mpaka shingo ikaniuma.

Mwanzo walikuja wachache: mama lishe, wachuuzi, wapagazi wa sokoni waliotaka robo ya maharage. Mvua ilipiga ubao, nikauza nimejifunika turubai. Kisha wakaja wa zamani, mmoja mmoja, wakinichungulia uchochoroni kama wanaohakikisha si uvumi. "Ugonile," wananiamkia Wanyakyusa wenzangu, "kumbe uko huku!" Na wakishapata mchele wao wanazunguka mbele kununua mafuta, sabuni na chumvi, kwa sababu wameshafika. Nuru aliliona hilo kabla sijamwambia. Masika yakapita, hakuna aliyetaja habari ya kujaribu tena. Kaka zake walikuja kutazama, wakakuta foleni mbele na foleni nyuma, wakarudi Dar es Salaam. Nyumba haikuuzwa.

Ile supamaketi ya vioo ilifungwa baadaye. Shelfu zake zilianza kuwa na mapengo, wakawa wanapanga chupa za maji kuziba nafasi, na siku moja geti halikufunguliwa. Mtaa ulisema mengi. Mimi sikushangilia. Niliwaona wasichana wa pale wakitoka na sare zao mkononi, na mmoja alikuja kuniuliza kama tuna kazi. Biashara ya duka ni ngumu kwa kila mtu, hata mwenye vioo.

Nilikaa dirishani mpaka nywele zikawa nyeupe, na kwa miezi ya mwisho nilihangaika kutafuta wa kunirithi. Nilimshika Upendo. Alijitahidi, sitamsingizia. Lakini alikuwa akisema, "Mama Ipyana, mimi nikimtazama mtu usoni nasahau nimepima nini." Akizitazama namba, kiganja kinatoka kimenyauka. Akiacha kuzitazama, anaogopa. Wengine hawakutaka hata kukaribia, vumbi la mchele linaharibu nywele. Nilimwendea Nuru kumwomba amlazimishe mtu mmoja, yeyote.

"Mtu halazimishwi kazi ile," akasema. "Dirisha ni wewe, dada. Ukiondoka, linabaki tundu la ukutani."

Alisema kwa upendo, najua. Lakini maneno yale nimelala nayo tangu siku hiyo. Ningekuwa mimi ndiye dirisha, lingekuwa limekufa na Bi Zuhura. Kiganja si changu. Nilipewa na mtu aliyekalia kiti kirefu, na yeye alipewa na mama mkwe wake, na yule mama wa Kisafwa alikijua kabla yangu. Kustaafu kwangu kusiwe sababu ya watu kusimama na mifuko wazi mbele ya friza.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, na nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kumgombeza Nuru vizuri. Maneno nilikuwa nayo tayari. Juzi mchele ukaniishia nyumbani. Tangu niagwe nilikuwa sijapita mtaani kwetu, nilinunua Uyole ninakoishi, kwa kuwa sikutaka kuliona dirisha limezibwa. Nikapiga moyo konde. Nikajifunika khanga, nikapanda gari la mjini, nikasema nitakwenda kulitazama tundu hilo la ukutani kwa macho yangu, ndipo nimalize kuandika.

Mbele ya duka nilimkuta Upendo anaingiza katoni za biskuti. Friza lilikuwa mlangoni, limejaa aiskrimu, na mtaa mzima umevaa makoti kwa baridi ya mwezi wa saba. Hilo sitalisemea. Upendo aliponiona aliacha katoni chini.

"Mama, kumbe hujasikia?"

"Nisikie nini?"

"Bosi alilifunga kweli. Alipiga na misumari. Watu wakawa wanagonga. Wanagonga tu, mama, asubuhi yote. Akafungua ili awaambie wazungukie mbele. Mama mmoja akamwinulia mfuko wazi mpaka puani. Mwisho bosi akapima."

"Akaongeza?"

"Siku ile hakuongeza."

"Yule mama akafanyaje?"

"Hakuondoka," Upendo akasema, akacheka. "Nenda ukaone mwenyewe. Lakini upange foleni, siku hizi hana mchezo."

Nikazunguka uchochoroni. Ubao wa Mafinga ulikuwa palepale, na matundu ya misumari kwenye fremu. Nikapanga foleni nyuma ya mpagazi mmoja na akina mama wa genge, khanga nimeivuta mpaka karibu na macho, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya kutaka kuiona kazi ikifanywa bila kunijua. Nuru alikaa juu ya kreti la soda, mikono ya sweta imekunjwa, vumbi la mchele kwenye nyusi. Magunia yalikuwa wazi. Nilinusa Kyela kabla sijafika.

Zamu yangu ikafika. "Kilo moja," nikasema kwa sauti ndogo.

Alichota, akaweka juu ya mizani. Hapo ndipo nilipoona kwamba ameigeuza. Namba nyekundu zilinitazama mimi mteja. Upande wake ulikuwa mgongo wa plastiki tu, hauna cha kusoma.

"Imetimia?" akauliza.

"Ongeza kidogo. Hapo. Imetimia."

Akamimina mfukoni mwangu. Sikuufunga. Nilisimama nao wazi, moyo unanidunda kama siku ile nilipovaa gauni la kanisani.

Nuru akainua macho. Alinitambua. Lakini hakuniita jina, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na watu na kazi ni kazi.

"Nyumbani mmeamkaje?" akaniuliza, na mkono wake ulikuwa umeshaingia guniani.